Shati Yako Imeenda Nyawera

Papa Ombeni,

Mutoto amelala, mvua inapiga mabati, ndiyo nimepata nafasi ya kukaa na wewe. Ulikuwa unanicheka juu mwandiko wangu unapanda mulima. Vumilia. Nilimaliza primaire tu, na leo hakuna mutu wa kuninyooshea mustari.

Ombeni anatembea sasa. Alianza kwa kushikilia ile sufuria yako kubwa ya kupikia sabuni. Jirani waliomba niwauzie, nikakataa, iko pale pale inje. Watu wa matanga walipoondoka, nyumba yetu hii ya mutaa wa Kasha ikawa kubwa na baridi, kama kanisa siku ya kazi. Napika sombe, nafunika sahani yako, kisha nakumbuka.

Nataka kukupa habari ya wanafunzi wako. Ulizo yako ya mwisho iko bado mu masikio yangu. Nilikuwa nakunywesha uji, ukasukuma kijiko, ukasema: "Wameenda soko?" Nikajibu: "Bado." Ukafunga macho. Ile "bado" inaniumiza mpaka leo.

Ku chuo, somo yako ya kujianzishia kazi waliiweka pembeni. Walisema hakuna mutu wa kuifundisha, saa zako wakampa mwalimu wa hesabu. Nikafikiri imekufa na wewe. Juu nilikuwa nasikia vile walikuwa wanakuambia hapa inje, wakikoroga mawese na soda kali ya sabuni, pua zimekunjwa: "Profesa, tumesoma miaka yote hii tuuze sabuni kama wamaman wa soko ya Nyawera? Serikali itatupa biro, kazi ya kukaa ku meza!" Murhula, yule murefu wa sauti kubwa, ndiye alikuwa anaongoza kukataa. Wewe unamujibu polepole: "Biro haziongezeki. Wanafunzi ndio wanaongezeka. Koroga, mutoto wangu." Kisha unaingia ndani, unakaa ku kitanda, unaniuliza: "Maman Ombeni, unaona wananisikia?" Nilikuwa nasema ndiyo. Sikujua kitu.

Basi, kisha matanga, asubuhi moja namuona Murhula ku mulango na wenzake. Nikafikiri wamekuja kunipa pole. Akaangalia viatu vyake, akasema: "Maman, sabuni za Profesa ziko bado?"

Zilikuwa chini ya kitanda, vile mulizikata. Nikawapa zote. Lakini juu ya kuona haya, walikuwa wamevaa abakosti zao, yale makoti ya watu wa serikali, pasi kali, kalamu ku mufuko, ili kila mutu aone hawa ni wanafunzi, si wachuuzi. Wakaingia soko hivyo. Maman mumoja wa samaki kuwaona tu, akapiga kelele: "Watu wa kodi wanakuja!" Ee, Papa Ombeni! Sahani zikafunikwa, ndagala zikaingia chini ya vitenge, mustari muzima ukabaki wazi. Murhula anakimbia nyuma yao, sabuni mukononi: "Maman, si kodi, iko sabuni!" Nao wanamujibu bila kugeuka: "Citoyen, tulilipa jana!"

Walirudi hapa na sabuni zote, wamelowa jasho, wakanielezea yote. "Unaona, Maman? Ndiyo sababu tulikuwa tunakataa." Uso wa Murhula ulikuwa karibu kulia. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka. Mara ya kwanza tangu tukuzike. Nikacheka mpaka machozi, na machozi yakawa ya kweli. Murhula akavua abakosti yake, akaikunja, akaiweka ku kiti chako. Akauliza kama ile shati ya Profesa ya kupikia iko.

Iko. Ile soda ilitoboa ku mikono. Sijaifua, juu ndiyo nalalia, ndiyo ilikuwa imebaki na harufu yako. Nikasimama na mutoto ku mugongo. Nilitaka kusema imepotea. Nikaingia ndani, nikaibonyeza ku uso, nikamuletea.

Akaivaa, akaenda soko tena. Jua linashuka, Murhula anarudi. Kitunga kitupu. Wale wamaman sasa wamemupa jina: "Mukubwa wa kodi, lete sabuni!" Wanamucheka, na wananunua. Lakini shati ilirudi na moshi na ndagala. Nikatafuta harufu yako ku kola, ku kwapa, kila mahali. Haiko tena. Nimelia, sikufichi.

Jumamosi wanakuja kupika sabuni ingine, na wengine wameomba kufuata. Hakuna mwalimu. Wanabishana wenyewe juu ya soda: "Hapana, Profesa alisema hivi!" Nasikia jina yako mu kelele yao, nami nasonga ugali.

Shati nitaifua na sabuni yako. Itakaa ku musumari ya mulango, iwe ya kila mutu anayeenda soko. Na moto wa sufuria, mimi nitauwasha, mpaka Ombeni ajue kukoroga. Hiyo nakuapia.

Lala sasa, mupenzi. Ile ulizo yako naijibu upya, usikie vizuri: wameenda.

Wako,
Maman Ombeni