Kerubo Alinisaidia Kuthibitisha Kwamba Mimi Ni Mtu

Jumapili. Mvua ya mawe imepiga mabati muda si mrefu uliopita, na sasa ni baridi tu. Sina hamu ya chai wala ya mtu.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi sioni. Macho yalianza kufifia nikiwa kidato cha tatu, yakaisha polepole. Nafundisha watoto wasioona hapa Nyansiongo, na simu yangu hunisomea kila kitu kwa sauti. Naandika mwenyewe. Nasoma ujumbe wa mchumba wangu mwenyewe, earphone zikiwa masikioni.

Mwezi uliopita nilitolewa damu ili nijue kama ugonjwa huu ni wa kurithi. Makori, huyo mchumba wangu, ambaye alikuwa amekuja nyumbani kujitambulisha kwa wazazi, hakuniomba nipime. Nilitaka kujua kwanza, peke yangu, kisha nimwambie kwa mdomo wangu.

Jumatatu majibu yakawa tayari kwenye tovuti ya maabara. Nikaweka nenosiri. Ndipo kikatokea kile kisanduku: thibitisha kwamba wewe si roboti. Chagua picha zote zenye taa za barabarani.

Simu ikanisomea: picha, picha, picha.

Nikabonyeza sehemu ya kusikiliza. Mzungu fulani akanong'ona maneno katikati ya kelele kama za posho mill ikisaga mahindi. Nikaandika nilichosikia. Nimekosea. Nikarudia. Nimekosea tena. Mwishowe tovuti ikasema mwenendo wangu unatia shaka, ikafunga na ile sauti. Mwalimu wa kompyuta shuleni alinieleza baadaye kwamba tovuti hizi hupeleleza hata jinsi unavyogusa skrini, na mtu anayetumia programu ya kusoma hagusi kama wengine. Isitoshe, nilikuwa nimezuia tovuti zisinifuatilie, maana nilichoka kuonyeshwa matangazo ya miwani. Kumbe ukijificha kidogo, wanakuona mwizi.

Nilipiga simu maabara. Hawakupokea.

Basi nikamwita Kerubo, mke wa kaka yangu Nyabuto. Tunaishi boma moja.

"Wifi, nibonyezee hizo picha tu, kisha unirudishie simu."

"Haya, lete."

Nikasikia kidole chake kikigonga kioo. Kisha kikanyamaza.

"Imefunguka?"

"Bado, wifi. Ni network."

Alikuwa anasoma. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa akipumua. Aliponirudishia simu alisema anaenda kukamua ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa.

Nilisikiliza majibu nikiwa nimeketi kitandani. Ni ya kurithi. Kila mtoto nitakayemzaa anaweza kuyapata macho haya au kuyakosa, nusu kwa nusu. Nikahifadhi ukurasa kwenye simu, sikuweza kuendelea. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Makori siku ya Sabato, baada ya kanisa.

Alikuja Alhamisi. Hakuketi.

"Moraa, ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Kerubo amemwambia mama yangu kwamba umejua kitambo, ulikuwa unangoja tufunge ndoa kwanza."

"Kerubo alisoma majibu yangu kabla yangu, Makori. Mimi nilimwomba macho tu."

"Sasa mbona mama yangu ajue kabla yangu?"

Akageuka, akaondoka. Mama yangu naye akaniambia nisimchukie wifi yangu, alinisaidia tu.

Alinisaidia.

Leo mchana nimejikaza nikasikiliza ule ukurasa hadi mwisho. Kerubo hakufika huko, angefika ningesikia kilio chake. Huko chini wameandika kwamba ndugu wa damu nao wapimwe, hata kama wanaona, kwa sababu kwa wengine ugonjwa huanza ukubwani, na dalili ya kwanza ni kutoona vizuri jioni.

Nyabuto ni dereva wa lori la majani chai. Huyatoa kwa wakulima na kuyapeleka kiwandani upande wa Itumbe.

Nilimwita nyuma ya zizi, nikamwekea simu sikioni. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, jioni unaonaje?"

Akasema, "Giza likiingia nafuata taa za gari lililo mbele."

"Na kama hakuna gari mbele?"

"Naenda polepole."

Nikamshika mkono.

"Usimwambie mtu, Moraa. Kerubo hasa. Akijua yeye, kiwanda kizima kimejua, na lori nimenyang'anywa."

"Na watoto wako?"

"Nimesema usimwambie."

Nitaandika ukweli, kwa sababu hapa, mahali ambapo watu wa nyumbani hawapajui, ndipo pekee ninapousema. Aliposema "Kerubo hasa", nilisikia utamu. Nilimwona Kerubo akiwa wa mwisho kujua habari za nyumba yake, wanawake wa kanisa wakimnyamazia akipita. Utamu huo haujaisha hata sasa.

Nyabuto ameshaondoka. Nimesikia lori likiteremka kuelekea barabara kuu, na baridi hii inaniambia jua limezama. Watu wengi hutembea kando ya barabara ile saa hizi, wakitoka sokoni. Nimempigia arudi. Hapokei.

Akirudi salama nitamwambia kesho asiguse lori, na akiligusa nitampigia meneja mimi mwenyewe. Hilo nimeshaamua. Habari za mwili wake ni zake, lakini barabara si yake.

Kerubo sitamwambia. Nitasema ni siri ya mumewe, na watu wataona nina heshima. Mimi najua ni kisasi.

Namsikia jikoni anaimba huku akipakua chakula. Wanawe wawili wako naye, wanagombania kijiko. Hao nao wana damu yetu, na mama yao hajui kwamba anapaswa kuwapeleka wapimwe.

Wao wamenikosea nini?