Kinyonga Nambari Kumi na Moja

Sousse, 12 Agosti

Baba yangu Mokdad,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Magoti yako je? Na masikio? Naandika kwa sababu juzi kwenye simu nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, na wewe bado ulikuwa unauliza, "Nani?"

Yale niliyosema siku ya Idi, kwamba duka lako la ubani na vinyonga wa dawa ni duka la mizoga, nisamehe kwa kuyasema mbele ya wageni.

Sasa nina swali. Ofisi ya bustani za mji imenipa kazi ya kujua ni viumbe gani wanaishi katika bustani zetu za umma, na ni wangapi. Nimeanza na vinyonga wa bustani iliyo nyuma ya reli. Kila alfajiri, kabla jua halijawachangamsha, napita kichaka kwa kichaka. Nikimpata mmoja namwandikia nambari ubavuni kwa rangi nyeupe ya kucha, nisije nikamhesabu mara mbili. Nimefika thelathini na nne.

Mkuu wangu, Bi Sarra, anataka kuulima ukingo wa mchanga ulioko pale apande nyasi. Mimi nahisi vinyonga wanauhitaji, ila sijui kwa nini. Wewe umeshughulika nao maisha yako yote. Wanafuata nini pale chini?

Mwanao, Olfa

*

Kairouan, 27 Agosti

Mwanangu Olfa,

Wa alaikum salaam. Magoti hukubali ngazi ya kwanza, ya pili yanagoma. Masikio yamebaki ya kushikia miwani tu. Shangazi yako Mannoubia anakusalimia na anauliza unakula nini huko.

Kwa hiyo sasa serikali inakulipa upake vinyonga rangi ya kucha! Nilipomsomea Mannoubia, chai ilimtoka puani. Anauliza wanja utawapaka lini.

Lakini swali lako ni zuri. Jike mwenye mimba hushuka mtini mwezi wa kumi. Hutafuta mchanga mkavu unaopigwa na jua, huchimba, hutaga, hufukia, kisha hurudi juu. Mayai hukaa ardhini karibu mwaka mzima. Mkilima, mmeyamaliza. Wawindaji wanalijua hilo: mtini hawaonekani, ila mwezi huo wanajiendea peupe kama mabibi watokao sokoni, ni kuokota tu. Msimu huo ndipo mimi hununua wengi.

Umeomba msamaha kwa kusema mbele ya wageni. Na maneno yenyewe je?

Baba yako

*

Sousse, 11 Oktoba

Baba,

Salamu nyingi kwako na kwa shangazi. Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi silali vizuri.

Jibu lako liliuokoa ukingo. Bi Sarra amekubali usilimwe mwaka huu, mradi idadi isishuke. "Nikiacha mchanga mtupu katikati ya mji, watu watauliza," alisema. "Nipe sababu inayohesabika."

Na ulisema kweli. Nambari kumi na moja, jike mzito kuliko wote, nilimwona kwa macho yangu akijaribu mchanga kwa mkono, huku na huku, kama anayechagua tikiti. Nilijibanza saa nzima nikimtazama.

Lakini wiki hii tisa wamepotea, wote majike, naye yumo. Sioni damu wala mabaki. Bi Sarra anasema labda bustani haiwafai, basi heri alime. Ripoti ni mwisho wa mwezi, na ina mahali pa kuandika chanzo. Paka? Kunguru? Nisaidie kufikiri.

Olfa wako

*

Kairouan, 24 Oktoba

Mwanangu,

Salaam. Sisi wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua hii nimeichana mara tatu.

Lazhar, yule anayeniletea vinyonga, alinijia na mfuko wa tisa walio hai. Bi Hasna alikuwa amesimama dukani. Binti yake anaolewa, alitaka mmoja wa kutupa motoni kuondoa kijicho. Akamgeuza ubavu, akasema, "Haji, hii kumi na moja ndiyo bei? Mwaka jana ulinichuna thelathini!" Nilicheka, nikadhani ananitania. Nikamuuzia. Sikuwa nimevaa miwani.

Alipoondoka ndipo nikaivaa, nikaufungua mfuko. Sita. Kumi na tisa. Ishirini na tatu. Nikakaa juu ya gunia. Nikamuuliza Lazhar, "Hukuona nambari?" Akasema, "Niliziona, nikadhani watu wamefanya mchezo." Nilimkimbilia Bi Hasna kwa magoti haya. Nilikuta makaa.

Wanane waliobaki nimewaweka kwenye mkomamanga wa uani. Olfa, nimewauza miaka thelathini na nane, sijawahi kumtazama mmoja hata kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Leo nimekunywa vitatu. Jicho moja la mmoja wao linanitazama mimi, jingine linamtazama Mannoubia. Je, anatuona sote wawili, au anachagua? Sina wa kumuuliza ila wewe.

Si paka, mwanangu.

Baba yako

*

Sousse, 27 Oktoba

Baba,

Salaam. Barua yako niliisomea kwenye ukingo, pale kumi na moja alipokuwa akijaribu mchanga.

Nilijua unanunua. Sikujua kwamba nilikuwa nakuhesabia.

Nikiandika kwamba wamekamatwa na kuuzwa, wataniuliza nani kauza. Sheria inakataza, unajua. Mahali pa chanzo nitapaacha wazi.

Kuhusu macho, sijui. Nami nimejiuliza.

Olfa

*

Kairouan, 29 Oktoba

Olfa,

Salaam. Usipaache wazi. Andika: Mokdad, muuza ubani, Kairouan. Andika na mtaa, wasije wakamsumbua Mokdad fundi viatu.

Jumapili nakuja na basi la kwanza nikiwa na wote wanane, matumbo yamewajaa mayai, hawawezi kungoja. Njoo kituoni mapema. Mmoja amenishika kidole tangu jana, na mimi siwezi kumvuta.

Baba

*

Sousse, 22 Novemba

Baba mpenzi,

Assalamu alaikum. Ulifika salama? Magoti yamepona na lile zoezi la kuinama kichakani?

Bi Sarra aliisoma ripoti mpaka jina lako, akaniuliza, "Ni ndugu yako?" Nikasema, "Ni baba." Akapiga mhuri. Ukingo hautalimwa, na mlinzi atakaa pale kila mwezi wa kumi. Faini yako itakuja kwa posta.

Sita kati ya wanane wametaga. Nimeweka vijiti.

Nilimweleza pia kwamba Jumapili ile, kwa nusu saa, ulinionyesha vinyonga watano niliowapita miezi mitatu bila kuwaona. Anauliza kama utakuja mwezi wa nane, watoto wakitoka mchangani, utuonyeshe pa kutazama. Nikamwambia Baba hawezi kuliacha duka hata siku mbili.

Akasema, "Muulize."

Nakuuliza.

Mwanao, Olfa