Hita Uliyoilazimisha Kuwaka

Baba Lusajo, mume wangu,

Nina hasira na wewe tangu tukuzike. Leo nakuandikia hadharani, maana wanaume wengine hapa Matema nao wameanza kununua magari ya kulala kama lile lako.

Nakumbuka ulivyolileta, gari kuukuu lenye kitanda, jiko na hita ya gesi. Sisi huku ziwani tunahangaika na joto, lakini ulitaka kuwapandisha wageni Kitulo wakaone maua, na kule baridi inakata. Nilikucheka, kisha nikakushonea mapazia ya kitenge.

Hita ikakusumbua. Feni inazunguka, moto unawaka, halafu unazimika wenyewe. Ulibadilisha mtungi, ukabadilisha regulata, ukachaji betri. Mwisho ukaniita nione. Ile swichi inayozima moto hewa isipopita vizuri ulikuwa umeiruka, umeunganisha waya moja kwa moja, na moto hauzimiki tena. Nikakuuliza kama umeangalia bomba la moshi.

"Mama Lusajo, wewe kapike wali," ukaniambia.

Ukapanda Kitulo peke yako kuijaribu kabla ya wageni kufika. Asubuhi wakulima wa viazi wakakukuta kitandani, umejifunika vizuri, madirisha yamefungwa, hita bado inaunguruma. Fundi aliyeifungua alitoa kiota cha nyigu ndani ya bomba, udongo mkavu umeziba njia yote. Moshi wenye sumu, usioonekana wala kunuka, ulikuwa unarudi ndani. Hita ilikuwa inazimika ili wewe upone, na wewe ukailazimisha iwake. Ungechungulia tu, mume wangu. Ungeinama ukachungulia.

Msibani kila aliyenipa pole alisema siku yako ilikuwa imefika. Nilivumilia mpaka kaka yako aliposimama kanisani akarudia maneno hayo. Nikasimama na mimi.

"Siku yake haikuwa imefika," nikasema. "Aliunganisha waya."

Mama yako akanivuta mkono nikae. Sikukaa.

Bado nakupenda, na hilo ndilo linanikera zaidi. Lusajo akiuliza kwa nini hukuamka, namweleza yote kama yalivyokuwa. Sitaki akue akidhani Mungu alikuhitaji kuliko sisi.

Pumzika, basi. Mimi sijamaliza kukukasirikia.

Mkeo,
Mama Lusajo