Uyoga wa Kichuguu cha Baba

Jumamosi, Novemba, Tororo. Mvua ya asubuhi imekatika, jua la jioni linachoma, na roho imenichafuka tangu mchana.

Nimekaa juu ya ndoo nje ya chumba changu, nyuma ya nyumba ya Bwana. Mikono inanuka moshi na siagi. Nimeinawa mara tatu.

Bwana alikuwa na wageni wa chakula cha mchana. Kila Novemba humpanda wazimu wake ule ule: eti kwao sasa ni theluji, na baba yake alikuwa akichoma nyama nje, humo humo thelujini, kwa hiyo na yeye lazima achome. Akavaa sweta la sufu, hapa Tororo, akasimama mbele ya mkaa akichuruzika jasho mpaka likadondokea nyama. Wageni wakacheka, wakala. Mimi niligeuza uso.

Lakini fahari ya karamu ilikuwa uyoga wa Ulaya. Bibi, mkewe, aliutangaza wiki nzima: umepanda ndege huko kwao, utashuka Entebbe, kisha ndege ndogo itauleta kwenye kiwanja chetu, na utaliwa ungali mbichi. Kumbe ulilala Entebbe siku mbili. Leo asubuhi nikatumwa kiwanjani kuufuata kwa baiskeli.

Nilipofungua kasha jikoni nilikuta ute mweusi. Uyoga umeyeyuka, umegandamana na karatasi, unanuka soksi zilizosahaulika ndani ya buti. Nilikimbia nje nikatapika.

Najua Bibi angesema nini. Angesema nililiacha kasha juani nikipiga soga njiani. Mpishi aliyenitangulia alipika mchicha wa jirani tu, na jioni hiyo hiyo akafungasha virago. "Hapana leta kitu ya kijijini kwa meza yangu," Bibi hunikumbusha kila Jumatatu.

Sasa, asubuhi hiyo hiyo Mama alikuwa amefika kutoka kijijini kwetu Iyolwa, kwa miguu, kwenye mvua, na uyoga aliouchuma alfajiri. Aliufunga kwa jani la mgomba. Umeota kwenye kichuguu ambacho marehemu Baba alimwachia, na hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kukigusa. Alitaka kunipikia kwa karanga, kwa sababu anasema kazi hii imenikondesha.

Nilimwambia Wazungu wanautaka.

Macho yake yakang'aa, akaniwekea jani mikononi. "Chukua wote, Owori. Wewe nitakuletea mwingine."

Uyoga wetu una ncha katikati ya kofia. Ule wa Ulaya ni wa mviringo kama kifungo. Nikakata ncha moja moja ili usijulikane, nikazizika kwenye majivu. Mama alikuwa hatua kumi kutoka hapo, akiimba wimbo wa kanisani.

Ukachomwa kwa siagi. Wageni walikula, kisha wakaanza kusifu. Kusifu ndege! Mzee mmoja mwenye masharubu akasema ardhi ya huku haiwezi kutoa kitu kama hiki, na wote wakapiga makofi. Bibi akaniita mezani.

"Mpishi, hii yote ya ndege?"

"Ndiyo, Memsahib."

Tena niliinama kidogo. Hakuna aliyeniambia niiname.

Nilidhani ni sweta lililonichukiza, au ute ule. Sivyo. Ni mdomo wangu. Kinyaa hiki ni changu mwenyewe, na hakinawiki.

Niliporudi chumbani Mama aliniuliza kama wameupenda. Nikasema wameupenda sana. Akauliza kama nimewaambia umetoka kwenye kichuguu cha Baba. Nikasema ndiyo. Uongo wa pili, siku moja, na huu nilimwambia aliyenizaa.

Akapangusa macho kwa ncha ya leso.

"Basi leo baba yako amekula na Wazungu," akasema.

Ningemwambia pale pale. Nilifungua mdomo, nikamuuliza kama anataka chai.

Sasa ameamua kulala hapa kwangu. Kesho akitoka kanisani atapitia mlango wa jikoni kusalimiana na Bibi, maana kwetu mtu akila chakula chako lazima muonane uso kwa uso. Amefua gomesi yake, gauni la kanisani, na kuianika kwenye kamba. Ameniomba nimfundishe maneno ya Kizungu ya kumwambia Bibi kwamba uyoga bado upo, ataleta mwingine.

Nimemfundisha. Anayarudia nyuma yangu ninapoandika, polepole, asije akanitia aibu.

Kesho mlango huo ukifunguliwa, nitasimama upande gani?