Mchanga wa Makaburini

Jumanne, 4 Machi
Tetemeko, saa nne asubuhi. Sekunde kumi na nane. Maabara ya udongo ni vumbi tupu, chekeche zote chini. Mama mzima. Baba wa binti yangu ametuma ujumbe: Mzima? Nikajibu: Mzima. Basi. Tangu tuachane ndiyo mazungumzo yetu hayo.

Jumatano, 5 Machi
Injinia ameleta sampuli — mchanga wa makaburini, kule bondeni. Ardhi imetitia, maji yamefoka juu. Akasema kama ni vigumu ampe mwenzangu. Nimekataa. Binti yetu amelala kule, mwaka wa pili huu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejaza mchanga na maji kwenye sanduku la kioo. Jiwe juu, kopo tupu nimelifukia chini. Nikawasha meza ya kutikisa. Chembe zinaachiana, kila moja inatafuta pa kukaa. Maji yaliyokuwa katikati yanabanwa, yanapanda. Kwa muda mchanga wote ni uji. Jiwe likazama. Kopo likaibuka.

Mwenzangu akanitazama usoni. Akazima mtambo.

Nimekaa chooni mpaka saa ya kutoka.

Ijumaa, 7 Machi
Mlinzi wa makaburi amepiga simu. Dada, njoo na baba yake. Upande wa watoto majeneza matatu yamepanda juu, la kwenu limo. Halijafunguka, akasema. Akarudia: halijafunguka.

Jumamosi, 8 Machi
Baba yake amekuja. Amekonda. Akauliza, "Kwani tulichimba kina kifupi?" Kumbe usiku kucha anajilaumu. Nikamweleza: jeneza jepesi, lina hewa, mchanga ukishakuwa uji haulishiki. Akasikiliza kama mwanafunzi. Kisha akauliza kama binti yetu alitikisika sana.



Mimi nataka tumhamishie mlimani, kwenye mwamba. Yeye hataki. "Kule hana anayemjua."

Jumapili, 9 Machi
Naandika garini. Yeye yuko pale chini, amechutama kando ya turubai, anafuta tope kwenye ubao wa jeneza kwa mkono wa shati. Polepole, kama anamwosha uso. Mchanga umeshajipanga upya, mgumu kuliko zamani, unaukanyaga huzami. Ripoti nimeandika mwenyewe: likija tetemeko lingine, hauaminiki.

Wachimbaji wamefika. Wanamuuliza wachimbe wapi. Anatazama huku, kwenye gari.

Ngoja nishuke.