Mbwa Asiyeweza Kupanda Mlima

Jumatatu, 3 Novemba
Maji ya kunywa yamechemka, madumu matatu yamejaa. Mvua siku ya nne mfululizo. Redio mpya ya kibiashara inaonya kuhusu mafuriko katikati ya tangazo la sabuni na tangazo la bia. Waliokuwa wakizibua kijito chetu walipunguzwa kazi mwaka ule ule niliopunguzwa mimi kiwandani. Sasa kijito kimeachiwa soko huria. Nimeanza barua kwa mhariri. Mama kaniuliza kama barua itazuia maji. Nikaongeza aya nyingine.

Jumanne, 4 Novemba
Hati ya kiwanja na vyeti ndani ya nailoni, nimefunga kwa mpira wa baiskeli. Dawa za presha za Mama. Kiberiti kwenye kopo la maziwa. Unga, dagaa. Paka ataingia kwenye tenga la kuku. Tumejaribu mara mbili, mikono yangu imechanika.
Tatizo ni Ruzuku. Mbwa mzee, nyonga hazifanyi kazi, ngazi ya kibaraza inamshinda. Nilimpa jina hilo ili wakubwa wakipita wanisikie nikimwita. Siwezi kumshika Mama mkono na kumbeba yeye. Nyumba salama ni moja tu, ng'ambo ya kijito, juu, kwa Mkude muuza ndizi.

Jumatano, 5 Novemba
Nimekwenda. Mkude ni Mluguru, mimi Mnyamwezi. Watani wa kabila, ruhusa kutukanana hata msibani. Tulipomzika Baba, Mkude alijilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Miaka kumi na tano hatujaambiana neno moja la maana.
Nikamwomba: maji yakija, atupokee, na mbwa pia.
"Mama yako namsubiri," akasema. "Mbwa nitamtandikia kitanda changu. Wewe mpagazi utabaki huko chini uwaandikie samaki barua."
Mkewe akacheka. Nami, mjukuu wa wabeba mizigo ya misafara, nikamtukana inavyostahili, nikashuka. Njiani nikagundua sijui nimekubaliwa au nimekataliwa. Mtu wa swala tano, mbwa nyumbani kwake? Amekataa. Sirudi kuomba. Nimegombana na mawaziri magazetini, na jirani nashindwa kumwuliza swali mara mbili.

Alhamisi, 6 Novemba
Mvua. Kijito kimebadilika sauti.
Nimemfungua Ruzuku kamba. Maji yakija, ajitegemee.
Nimeisoma sentensi hiyo tena. Ndivyo walivyotusomea kiwandani siku ya mwisho: kila mtu ajitegemee. Nimeiandika bila hata kusita. Najichukia.

Ijumaa, 7 Novemba
Saa moja asubuhi maji yaliingia uani. Mama nikamshika, tenga kichwani. Ruzuku alikuwa amesimama kwenye kibaraza akitutazama. Hakubweka.
Mkude akatokea, suruali imekunjwa hadi magotini. "Nimemfuata mbwa," akasema. "Nyie wengine mna miguu." Akambeba mabegani, akavuka kijito, maji kiunoni. Sisi nyuma yake, tumeshika ncha ya fimbo aliyotunyoshea.
Nyuma ya jiko lake kuna banda jipya la mabanzi, ndani Ruzuku kalazwa kwenye majani makavu. Mkewe anasema alianza kulijenga Jumatano, nilipogeuka tu.
"Leo mpagazi ni mimi," Mkude akasema. "Usinitoe gazetini."
Aliyebebewa mzigo ni Mnyamwezi. Mimi.

Jumapili, 9 Novemba
Manyunyu. Jiko letu limeanguka, nyumba imesimama. Mama anamenya ndizi na mke wa Mkude.
Asubuhi Mkude alimbeba Ruzuku, bado hajakauka, akamweka kwenye jua dogo lililopo. Kisha akaenda kwenye pipa kunawa kama dini yake inavyotaka kwa aliyeshika mbwa aliyelowa. Mara saba, ya kwanza kwa udongo. Mkewe anasema Ijumaa alifanya vivyo hivyo na akachelewa msikitini. Sikuwa nimeona.
Nikachukua kata, nikammwagia. Alihesabu taratibu, kwa midomo tu. Baada ya mara ya saba nikasema asante, kavu, bila utani wowote.
Akaitikia kwa kichwa, akakung'uta mikono, akaenda kufungulia kuku.