Petroli Niliyokataa Ishushwe

Kitale, Jumanne

Na bado naona nilifanya vyema, hata kama dereva aliondoka bila kuniaga.

Leo bosi aliniachia kituo cha mafuta peke yangu kwa mara ya kwanza. Lori la petroli lilifika matenki yetu yakiwa karibu kukauka, na watu wa bodaboda wamejaa wakipiga honi. Dereva akaanza kuunganisha mpira wa kushushia mafuta, lakini waya wa kupeleka chaji ya umeme ardhini hakuufunga.

"Funga waya kwanza," nikamwambia.

"Ati waya? Dada, klipu ilivunjika. Nimeshusha hivi Webuye asubuhi, na si unaniona niko mzima?"

Nikamweleza kwamba petroli ikipita inasuguana na mpira na chaji inajikusanya, kama ile inayolia tukivua sweta za nailoni. Ikikosa njia ya kwenda ardhini inaruka kama cheche, na mvuke wa petroli uko hapo hapo.

Dereva akampigia bosi, kisha akanipa simu. Bosi akaniuliza kwa ukali kama sioni wateja wakienda kwingine. Nikasema petroli haishushwi bila waya.

Bosi akasema, "Basi tafuteni klipu."

Tukaipata kwa fundi wa jirani, waya ukafungwa, mafuta yakashuka.

Jioni nimempigia mama, kule Misikhu, nikamsimulia yote. Akauliza, "Kwa hivyo mwishowe ni nini kilitokea?"

"Hakuna kilichotokea, mama," nikamjibu, na sijawahi kusema neno kwa fahari kama hiyo.